Bwana Carr Hajafika Kwetu

Kilrigg, 9 Februari 1891

Dada Effie mpenzi,

Salamu nyingi kutoka kwetu sote. Mimi ni mzima, Cuddy mzima ila vidole vyake vimepasuka kwa baridi, na Watty ndiye mzima kutushinda, maana anakula, analala na kupiga kelele kama mwenye nyumba. Wewe je? Kile kikohozi cha moshi wa Newcastle kimekuacha? Na yule bibi unayemfanyia kazi, bado anakagua vijiko kila jioni kana kwamba unavila?

Huku theluji imefika kizingitini. Vilima vimekuwa kitu kimoja na mbingu, ukitazama huoni hiki kinaishia wapi na kile kinaanzia wapi. Mto umeganda kandokando, katikati tu ndiko unakopumua. Cuddy hawezi kulima, ardhi ni chuma, kwa hiyo farasi wanasomba samadi tu na kurudi.

Bwana Carr ameanza kuzunguka nyumba za wafanyakazi wa shamba lake. Ameanzia nyumba ya kwanza kama kawaida yake. Alisimama mlangoni kwa akina Dodds, hata glavu hakuvua, akasema, "Haya Dodds, tukae tena mwaka?" Dodds akasema, "Tukae." Basi, wamepata mwaka mwingine na paa juu ya kichwa. Peg Dodds alikuja kuniambia huku akijifanya habari yenyewe ndogo, lakini uso ulikuwa unang'aa kama sufuria mpya. Juzi bwana aliingia kwa Tait. Sisi ni nyumba ya nne, kwa hiyo zamu yetu haiko mbali. Nimefagia njia na kumwaga majivu asije akateleza. Cuddy ananicheka. "Unamngoja Carr au unamngoja bwana harusi?"

Nafasi yako shambani bado haijapata mtu. Tangu ulipoondoka nyumba yetu haina mwanamke wa shamba, na Bwana Carr ametuvumilia kwa sababu ya mtoto. Sikuambii kwa lolote, nakupa habari tu. Kile kitanda chako cha ukutani nimekitilia majani mapya, na hapo ndipo penye joto nyumba nzima.

Watty anakusalimu mama yake mkubwa. Nimempa karatasi aishike kidogo, ndiyo sababu hii pembe imeliwa.

Mdogo wako,
Tibbie


Newcastle, 15 Februari

Mdogo wangu Tibbie,

Barua nimeipata, pamoja na alama za mate ya mpwa wangu. Nashukuru mko salama. Mimi nipo. Kikohozi kipo pia, tumeshazoeana.

Sasa usinizunguke. Eti "nakupa habari tu"! Nimekulea tangu mama afe, nakujua unavyoomba kitu. Unaanza na kitanda. Jibu langu ni hapana. Miaka sita nimeng'oa tanipu za kulishia mifugo kwenye ardhi iliyoganda, magunia nimejifunga miguuni, mvua inaingia shingoni na kutokea kiunoni. Nilikuwa na miaka ishirini na tatu na magoti ya kikongwe. Huku nalala chumba cha chini kisicho na dirisha, lakini ni kikavu. Bibi ana maneno makali, lakini maneno hayanyeshi.

Ila nakwambia jambo moja, na umsomee Cuddy, maana najua mwenyewe hatasoma. Carr haajiri mwanamume, anaajiri nyumba. Mwanamume mmoja wa plau na mwanamke mmoja wa shamba, ndivyo ilivyokuwa enzi za babu na ndivyo ilivyo. Nyumba yenu ni nusu. Anaweza kuwapita bila kusema neno, na mkulima asiposema nanyi mnajua maana yake. Tarehe kumi na mbili ya Mei mtapakia vyombo kwenye mkokoteni, na wengine watakuwa wanashusha vyao mlangoni hapo hapo.

Soko la kuajiriana pale Wooler ni Jumamosi ya kwanza ya Machi. Shemeji aende. Asimame barabarani na wenzake, apate bwana mwingine mapema. Asikae kungoja kuambiwa.

Mpakate mwanangu kwa niaba yangu. Mkanye asile barua.

Dada yako,
Effie


Kilrigg, 27 Februari

Dada yangu Effie,

Natumaini barua hii inakukuta na afya na hasira zimepoa, maana kalamu yako ilitoboa karatasi mahali pawili. Sisi hatujambo. Theluji imeyeyuka upande wa jua, upande wa pili bado.

Bwana Carr amemaliza. Yaani kwa wengine. Jumatatu alikuwa nyumba ya tatu, nikamsikia kupitia ukuta, nikamvisha Watty kofia safi. Kisha nikasikia viatu vyake vinakuja. Vikapita dirishani, vikaenda nyumba ya tano. Nadhani alifikiri Cuddy hayupo. Cuddy alikuwepo, amekaa wima kwenye kiti na shingo amefunga kitambaa, lakini bwana angejuaje?

Pale kisimani Peg Dodds akanisemesha mbele ya watu. "Tibbie, mumeo ni bubu? Si amwendee mtu akamwulize!" Nilipomwambia Cuddy akaweka kijiko chini. Akasema, "Mwenye shamba ndiye anayesema. Baba yangu hakuwahi kumwuliza bwana yeyote kama anamtaka, na mimi siulizi. Akinikatalia uso nitauweka wapi?" Nikamwambia, "Uweke hapo hapo ulipo, mbona ni mzuri." Akacheka, ila kidogo.

Kwa hiyo nimeamua mwenyewe. Tangu juzi nakwenda shambani. Nimevaa sketi yako nene na kofia yako ya majani, nimefunga kitambaa mpaka puani. Wenzangu wakapiga kelele, "Jamani, Effie amerudi, ila amefupika!" Watty namfunga shali mbili na kumlaza ndani ya kapu la tanipu chini ya michongoma, upande usio na upepo. Nikimaliza mstari namnyonyesha, kisha narudi kwenye mwingine. Msimamizi alisema, "Kapu hili lina kelele kuliko kunguru wote wa Kilrigg," lakini hakutufukuza.

Na jana, Dada, Bwana Carr alipita na farasi wake akasimama. Akalitazama kapu, akanitazama mimi, akagusa kofia. Wengine wote hakuwagusia kofia. Ameshaona kwamba nyumba yetu ina mwanamke wa shamba. Sasa atakuja, nina hakika. Tanipu ni baridi kama ulivyosema. Magoti yangu bado ya kijana.

Mdogo wako,
Tibbie


Newcastle, 3 Machi

Tibbie,

Salamu zote uzipokee, leo sina muda wa kuziandika moja moja.

Mtoe huyo mtoto kwenye kapu. Unanisikia? Upande usio na upepo haupo Kilrigg, mimi nimekaa chini ya michongoma hiyo hiyo nikila mkate na mkate ukaganda mkononi. Mwachie Peg Dodds. Mdomo ni mrefu lakini moyo hauna shida.

Carr alipokutazama hakuona mwanamke wa shamba. Aliona mama mwenye mtoto wa miezi minane anayeacha jembe kila baada ya mstari. Wakulima wanagusa kofia hata jeneza likipita.

Jumamosi Cuddy aende Wooler. Mvalishe, msukume nje, funga mlango.

Dada yako


Kilrigg, 10 Machi

Dada Effie mpenzi,

Salamu sana. Natumaini hujambo na bibi wako hajambo. Sisi tunaendelea vizuri, isipokuwa Watty ana mafua kidogo, na kifua kinakoroma kama paka mwenye furaha. Peg amempaka mafuta ya bata bukini. Sikumpeleka kwa Peg siku zile kwa sababu ana watoto watano na wote walikuwa na surua, niliogopa.

Kuhusu Jumamosi. Usikasirike kabla hujafika mwisho.

Cuddy alivaa. Aliamka mapema, akanyoa ndevu, akachomeka kipande cha kamba kofiani ili wajue ni mtu wa farasi. Viatu alivipaka mafuta. Alikuwa ameshashika kitasa, nami nikachungulia dirishani, nikaona mkokoteni wa Bwana Carr bado uko uani kwake. Nikawaza, kama bwana hakuondoka leo, siku ya soko, kuna jambo. Je, akija kwetu sasa hivi akaambiwa Cuddy amekwenda kujitafutia bwana mwingine? Itakuwa tumemtukana mlangoni kwetu. Nikasema, "Cuddy, ngoja kidogo." Akaniuliza, "Kidogo kiasi gani?" Nikasema, "Mpaka mkokoteni uondoke."

Ukaondoka karibu na adhuhuri. Ulishuka barabara yetu, nikambeba Watty nikasimama mlangoni. Bwana Carr akasema, "Habari ya asubuhi, Tibbie," akapita, akaelekea Wooler. Kwa miguu Cuddy asingefika kabla soko halijavunjika. Akavua viatu. Hakunilaumu, na mimi ningependa anilaumu kidogo.

Lakini najipa moyo. Huenda bwana alikwenda kwa habari ya kondoo. Na alinisalimu kwa jina, hilo nalo si dogo. Mwezi wa tatu haujaisha. Kuna mwaka alisema na mzee Tait tarehe ishirini.

Viazi vya mbegu nimevianika juu ya kabati. Vinachipua.

Mdogo wako,
Tibbie


Newcastle, 14 Machi

Tibbie mdogo wangu,

U mzima? Mtoto yuko vipi? Kukoroma kwa kifua si furaha, na paka asitajwe. Kitanda chake kikae karibu na moto, na mvuke wa birika apate.

Nimeisoma barua yako nikiwa jikoni, nikaunguza mchuzi wa bibi. Akashuka kunitukana. Nilimwacha amalize, kisha nikamwambia naondoka. Akasema, "Unakwenda wapi, binti asiye na shukrani kama wewe?" Nikasema nakwenda kung'oa tanipu. Alidhani nimemtukana.

Kwa hiyo nakuja. Nimempa notisi ya mwezi kama desturi, katikati ya Aprili nitakuwa Kilrigg. Leo hii hii nenda kwa Carr. Usimtume Cuddy, atasimama mbele ya lango mpaka aote mizizi. Mwambie: Effie anarudi, yule yule, nyumba ya nne ina mwanamke wa shamba kuanzia Aprili hadi Mei ya mwaka kesho. Ananijua. Atasema.

Sketi yangu usiitoboe zaidi.

Dada yako,
Effie


Kilrigg, 19 Machi

Dada Effie,

Nakusalimu kwa moyo wangu wote. Barua yako niliisoma nikalia, nikaisoma tena nikacheka habari ya mchuzi, kisha nikavaa shali nikaenda.

Nilimkuta Bwana Carr zizini anamtazama ng'ombe mgonjwa. Nikasema, "Bwana, dada yangu Effie anarudi. Nyumba yetu itakuwa na mtu." Akasema, "Effie. Mkono mzuri wa kazi ule." Kisha akaendelea kumpapasa ng'ombe. Nikangoja.

Akasema, "Ungeniambia kabla ya Wooler, Tibbie."

Nikasema, "Tulikuwa tunangoja wewe useme, bwana."

Akasema, "Na mimi nilikuwa nangoja nyinyi mpate mtu. Nilichelewa kwenda soko siku ile, nikidhani Cuddy atakuja hata kuniambia neno. Pale nikampata Rutherford, ana mabinti watatu wakubwa. Nimeshashikana naye mkono."

Hakusema kwa ubaya. Alionekana hata yeye amechoka. Aliniuliza habari ya mtoto, nikasema ana kifua, akamwambia mkewe anipe chupa ya maziwa.

Kwa hiyo usije, Dada. Kamwombe bibi radhi, mpikie mchuzi mwingine. Kitanda ukija utakikuta ni cha akina Rutherford. Cuddy anasema akisikia bwana yeyote amepungukiwa atakwenda, na Mei iko mbali bado. Kuna soko dogo mwisho wa Aprili la wale waliobaki. Watu wanapata hapo. Wachache, lakini wanapata, na kwa nini sisi tusiwe miongoni mwao?

Jua limetoka leo. Kwenye kilima cha mashariki wanakondoo wa kwanza wameonekana.

Mdogo wako,
Tibbie


Newcastle, 24 Machi

Mdogo wangu,

Pole. Pole sana. Nimekaa na barua yako mpaka mshumaa ukaisha.

Bibi amenirudisha, ila chai yangu sasa ni ya majani yaliyokwisha kuchemshwa. Nimekubali. Mkikosa kabisa, njooni huku. Cuddy atapata kazi gatini, hata ya kubeba makaa. Najua atasema hawezi kuishi mahali pasipo na farasi. Mwambie hapa farasi wamejaa, tena wanavuta tramu.

Umeniandikia habari ya ng'ombe, ya jua na ya kondoo. Habari ya Watty umeandika neno moja. Niandikie yuko vipi. Mpeleke kwa daktari, nitajua mimi la kufanya.

Mama mkubwa wa Watty


Newcastle, 12 Aprili

Tibbie,

Nakusalimu tena. Hujajibu. Nimemwuliza mleta barua mpaka amenibadilishia njia.

Anaendeleaje? Hata kama huna karatasi, pasua mfuko wa unga uandike nyuma. Neno moja tu.

Dada yako


Newcastle, 30 Aprili

Tibbie, mdogo wangu,

Sina hasira. Niandikie.

Effie wako


Westrig, 14 Mei 1891

Dada Effie mpenzi,

Natumaini uko salama. Mimi na Cuddy tuko salama. Barua zako zote tatu nilizipata, nikaziweka pamoja, na kila siku nilisema nitajibu kesho.

Watty alitutoka tarehe pili Aprili, karibu na alfajiri. Alikuwa mikononi mwangu. Daktari alikuja siku moja kabla, akasema ni mapafu, akasema tumweke na joto, nasi tulikuwa tumemweka na joto. Peg Dodds alikesha na mimi na hakusema neno hata moja, Peg yule. Amezikwa upande wa kaskazini wa kanisa, ambako nyasi huchelewa kuota. Sikukuandikia kwa sababu nilijua ungekuja, na ukija ungenikumbatia, na mimi nilikuwa nimejishikilia mahali padogo sana.

Sasa nikupe habari nzuri.

Mwisho wa Aprili tulikwenda soko lile dogo. Nilikwenda na Cuddy kwa sababu hakutaka kwenda peke yake. Tulisimama kwenye barabara ya juu, watu hawakuwa wengi, wazee wengi zaidi. Walipita wakulima wawili, wakatazama mikono ya Cuddy wakaendelea. Kisha akaja mmoja mwenye ndevu nyekundu, Bwana Aldous wa Westrig, mtu wake amemkimbia dakika ya mwisho. Akamwuliza Cuddy, "Farasi unawajua?" Cuddy akasema anawajua. "Una mwanamke wa shamba?" Cuddy akanionyesha mimi.

Bwana Aldous akanitazama. "Huyu si mkeo? Ana mtoto?"

Cuddy alivua kofia. Akatazama chini. Bwana yule akaanza kugeuka, akidhani anafichwa jambo. Ndipo nikasema mimi mwenyewe, kwa sauti, watu wote wakasikia, "Hana mtoto, bwana."

Akasema, "Basi ni mkono mzima." Wakashikana mikono hapo hapo.

Kwa hiyo tumepata nyumba, Dada. Tulihama tarehe kumi na mbili kama watu wote. Barabara ilijaa mikokoteni, vitanda juu, kuku chini, watoto wamekaa kwenye madebe. Akina Rutherford tulipishana nao darajani, mabinti watatu wanaimba, mmoja wao akanipungia mkono, nikampungia. Tulipofika kanisani nilimwomba mwenye mkokoteni asimame. Akasema hapo ni mteremko, farasi hawatasimama na mzigo ule. Ni kweli, ni mteremko. Nilitazama mpaka ukuta ukaisha.

Nyumba ya hapa ni nzuri kuliko ya Kilrigg. Ina madirisha mawili, na moshi unatoka juu kama inavyotakiwa. Kutoka mlangoni unaona vilima vyote vya Cheviot. Kazi nimeanza jana. Sisimami tena mwisho wa mstari, na msimamizi amenisifu. Bwana Aldous naye amesema tukienda hivi hivi, Februari hatakawia kusema nasi.

Cuddy anasema Mungu akipenda tutapata mwingine. Nimemwambia nami nataka, lakini tungoje kwanza mpaka Februari ipite.

Akasema, "Kila mwaka una Februari, Tibbie."

Nilikwenda kuteka maji.

Mdogo wako,
Tibbie